Mtoto Nimemtoa Nje, Ofisi Ndiyo Imejificha

Chifu wetu ana hotuba tatu. Ya kwanza ni ya pombe haramu, ya pili ni ya mikaratusi inayokunywa mto, ya tatu ni ya watoto walemavu. Hiyo ya tatu huitoa akiwa na mgeni kutoka ofisi kubwa, na huianza kwa kuelekeza kifimbo chake kwenye mashamba ya kahawa, utadhani watoto wenyewe wamelala chini ya miti ile. "Mnawaficha! Mnawafungia jikoni kwa sababu ya aibu! Serikali inataka kuwasaidia, nyinyi mnawaficha!"

Mara ya mwisho ilikuwa Julai. Mtu ambaye hajapitisha Julai huku Nyeri asinizungumzie habari ya baridi. Mlima ulikuwa umejifunika wiki nzima, rasharasha haikati, na sisi tumejikunyata ndani ya makoti ya mitumba yaliyoshonewa watu wa Norway. Mwanangu alikuwa mabegani mwangu, kanishika masikio kama usukani. Katika baraza lote hapakuwa na mtoto aliyekuwa hadharani kama yule. Alikuwa juu kuliko chifu na juu kuliko mgeni wa chifu. Na chifu alipotua kumeza mate, mwanangu akaliona lile pengo, akalijaza kwa sauti ya makanga: "Karatina mia! Karatina mia! Mmoja twende!"

Watu wakaangua kicheko. Mgeni akatazama viatu vyake. Chifu akaninyooshea kifimbo: "Mzazi, hebu mtoe huyo mtoto kando kidogo tuendelee." Basi nikamtoa kando. Nikaenda kusimama naye nyuma ya choo cha ofisi, na huko nyuma ya choo ndiko nilikosikiliza sehemu iliyobaki ya hotuba kuhusu wazazi wanaoficha watoto.

Nyumbani tunamwita Mheshimiwa. Ana miaka tisa. Jina alipewa na shosho wake, yaani mama yangu, kwa sababu anazo tabia zote za mbunge: hajibu swali, hulala wenzake wakijadiliana, na akitaka kitu mezani hangoji kura. Daktari alikuwa na jina lake, usonji, na akatueleza vizuri kwa Kiswahili na kwa Kikuyu, mama yangu akatikisa kichwa akasema sawa, lakini hata huo usonji una haki ya kuitwa mheshimiwa. Maneno ya Mheshimiwa mwenyewe ni machache, unaweza kuyahesabu kwa vidole. Maneno ya watu wengine ndiyo anayo ghala zima. Akisikia jambo likampendeza, au akilisoma mahali, huliweka akiba, na siku yake ikifika hulitoa kwa sauti ileile ya mwenyewe. Kusoma hakufundishwa na mtu. Alisoma mbavu za matatu na kuta za mji. Ndiyo maana kanisani, mzee wa kanisa alipouliza kama kuna mwenye neno la shukrani, Mheshimiwa alisimama juu ya benchi akatangaza: "Usikojoe hapa. Faini elfu mbili."

Kabla hatujafika kwa daktari tulipitia kwa majirani, ambao wote ni mabingwa. Mmoja alisema apewe supu ya ulimi wa ng'ombe, ulimi utaita ulimi. Mwingine alisema ni televisheni imemharibu. Wakati huo hatukuwa na televisheni. Mhubiri mmoja wa hema alitaka kumwekea mikono, Mheshimiwa akamtangulia, akamwekea yeye ya usoni. Mwishowe mke wangu akasema imetosha, mtoto huyu tumpeleke kwa serikali. Na mke wangu akisema imetosha, imetosha. Wageni wakisikia natoka Nyeri hunitazama kichwani kutafuta kovu la kupigwa na mke. Kovu sina. Nina faili ya kaki, ambayo alinikabidhi asubuhi hiyo, na sijaiweka chini tangu siku ile.

Mimi nilidhani nina mtoto mmoja. Katiba ya 2010 ikanieleza vingine. Ukifungua Jedwali la Nne, ambalo sasa nalijua kuliko Zaburi, utakuta elimu ya chekechea ni ya kaunti. Shule za msingi na elimu maalum ni za serikali ya kitaifa. Hospitali za kaunti, kama jina linavyosema, ni za kaunti. Vyuo vya ufundi vya vijijini, kaunti. Kwa hiyo Mheshimiwa alipokuwa wa chekechea alikuwa wa gavana. Alipoingia darasa la kwanza akawa wa rais. Akishikwa na kikohozi anarudi kwa gavana, akipona ni wa rais, na akijaliwa kumaliza shule aende kujifunza useremala hapa kijijini, ni wa gavana tena. Mpaka wa serikali hizo mbili umepita katikati ya koti langu.

Sitataja ofisi, wala sitataja mji. Inatosha kusema ni mji mmoja wa huku mlimani, una stendi, una benki nyingi, na una ofisi mbili zinazotazamana, moja ya kaunti na moja ya serikali kuu, katikati barabara. Usifikiri naogopa. Ni kwamba shauri langu bado liko huko.

Ukiingia ile ya kwanza: "Mzee, hii ni ya serikali kuu, vuka hapo." Ukivuka: "Hiyo imegatuliwa, mzee, rudi kaunti." Neno hilo kugatua nilikuwa nalipenda zamani. Sisi watu wa Nyeri tulizoea kuwa na ofisi zote. Mji wa Nyeri ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kati, na mtu wa Kiambu au Ol Kalou akitaka muhuri mkubwa alipanda gari akaja kwetu, tukamuuzia chai. Ugatuzi ulipokuja tukaambiwa huduma sasa zitakuja mashinani. Nadhani zilikuja kweli, ila zilisimama pande mbili za barabara na kila moja inangoja mwenzake avuke. Nimeivuka barabara ile mara nyingi hivi kwamba mama anayeuza nduma za kuchemsha pale katikati ameacha kuniuliza habari za nyumbani. Huniuliza, "Leo umetumwa upande gani, baba?" Siku moja nilikuwa nimechoka, nikasimama palepale kwake nikala nduma mbili na chai ya mkandaa, na ninakiri kwamba hiyo ndiyo huduma kamili pekee niliyowahi kupata kwenye barabara ile. Ilikuwa ya moto, alinipa chenji, na hakutaka fotokopi.

Sasa ngoja nikueleze habari ya jopo.

Ili mtoto aandikishwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lile lililotokana na sheria ya 2003, apate kadi, ni lazima kwanza madaktari wa serikali wamtathmini. Hilo ni sawa. Nchi hii ina watu ambao wangejiandikisha kuwa vipofu ili wapate kuegesha gari karibu. Katika hospitali niliyotumwa, jopo lilikuwa likikaa siku moja tu kwa wiki, Jumatano, na lilikuwa likikaa ghorofa ya pili. Jopo la kuwatathmini watu wasioweza kutembea lilikuwa juu ya ngazi arobaini na nne. Najua ni arobaini na nne kwa sababu Mheshimiwa huzihesabu, na akikosea hushuka akaanza upya. Siku hiyo tulipanda ngazi mia moja na kitu. Mlango wa lifti ulikuwepo, mzuri, wa chuma. Ndani walikuwa wakihifadhi mifagio. Sheria ileile ya 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka mitano wayarekebishe kila mtu apate kuingia, na wenye magari ya abiria miaka miwili. Makanga wa stendi yetu nilipomwambia habari hiyo alinisikiliza kwa heshima, kisha akakunja magongo ya abiria mmoja akayasukuma chini ya kiti pamoja na kuku.

Kwenye ngazi kulikuwa na mama amembeba binti yake mgongoni. Si mtoto mchanga. Msichana wa miaka kumi na minne, mrefu, miguu inaburura. Mama alikuwa anapumzika kila baada ya ngazi tano. Nilimpokea mkoba, na mwanamume mwingine akamshika msichana kutoka nyuma, tukapanda hivyo. Alinisalimia kama watu wanaosalimiana msibani.

Juu kwenye benchi nikaketi na mwalimu mmoja wa kutoka upande wa Kieni. Mguu mmoja. Mwingine uliondoka katika ajali, zamani. Alikuwa amekuja kwa sababu cheti chake cha kusamehewa kodi ya mapato kilikuwa kimeisha muda. Mtu mwenye ulemavu aliyeajiriwa husamehewa kodi kwenye shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi, jambo zuri sana, na mimi binafsi ningefurahi kuziona hizo 150,000, za kwanza au za mwisho. Lakini cheti kina siku zake, na zikiisha unarudi.

"Kwani kuna kilichobadilika, mwalimu?" nikamuuliza.

"Wanataka kuhakikisha haujaota."

Akapandisha suruali polepole, akaukagua mwisho wa ule mguu pande zote, kama mtu anayekagua mche wa kahawa baada ya mvua.

"Bado," akasema.

Madaktari wenyewe walikuwa watatu, wamechoka, na niseme haki ya Mungu, walikuwa watu wazuri. Walimwita Mheshimiwa kwa jina lake la shuleni, hakujibu. Walimwita kwa jina la nyumbani, hakujibu. Alikuwa ameshaona mihuri. Mezani palikuwa na mihuri mitatu imetupwa ovyo karibu na kidau cha wino, na jambo la kutupwa ovyo Mheshimiwa halivumilii. Akaipanga: mkubwa, wa kati, mdogo, vipini vyote vikiangalia dirishani. Daktari mmoja, kijana, akauchukua ule wa kati agonge fomu ya mtu mwingine, akaurudisha mahali pasipo pake. Mheshimiwa akausogeza. Daktari akauchukua tena, akagonga, akamtazama mtoto, akaurudisha mahali pake hasa, kipini dirishani. Mheshimiwa akashusha pumzi. Yule daktari akageukia wenzake akasema, "Mimi nimemaliza kutathmini." Dakika nne zote. Kisha karani aliyekuwa anajaza fomu akaniuliza bila kuinua kichwa: hali hii ni ya kudumu au ya muda? Nikasema ya kudumu. Akasema sawa, basi mkirudi mara nyingine mje na picha mpya.

Nilipokuwa nikishuka zile ngazi nilikumbuka sensa. Ile ya 2009 ilipata kwamba Wakenya wenye ulemavu ni asilimia 3.5. Ile ya 2019 ikapata asilimia 2.2, watu kama laki tisa hivi. Maelfu kwa maelfu wakawa wamepona katika miaka kumi, na hakuna mhubiri hata mmoja aliyejitokeza kudai sifa, jambo ambalo huku kwetu lingekuwa muujiza wa pili. Wenye hesabu zao wanasema maswali yalibadilishwa na watoto wa chini ya miaka mitano hawakuhesabiwa humo. Huenda. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema duniani ni karibu mtu mmoja kwa kila sita, kwa hiyo ama sisi Wakenya ni taifa la chuma, ama karani wa sensa aliulizia mlangoni na akajibiwa mlangoni. Kaunti iliyoongoza mwaka ule wa 2019 ilikuwa Embu, asilimia 4.4, na shemeji yangu wa Embu alikasirika kama aliyetukanwa. Nikamwambia asikasirike, pengine Embu ndiko alikokaribishwa karani akanywa chai, akahesabu watu mpaka wa jikoni.

Kadi ya mtoto ilipotoka nilidhani nimemaliza. Hapana. Hospitali inathibitisha kwamba mtoto ana ulemavu. Kuna kituo kingine, cha upande wa elimu, kinachothibitisha asome nini na wapi. Vituo hivi vya tathmini vilianza 1984 kwa msaada wa Wadenmarki, na miaka miwili baadaye, 1986, ikaja taasisi ya kuwafunza walimu wa elimu maalum kule Kasarani, Nairobi. Tangu hapo wazo limekuwa zuri muda wote. Mimi nina shida na mlango.

Mlango wa kituo nilichoelekezwa ulikuwa na karatasi: NIMETOKA KIDOGO. Imebandikwa kwa selotepu, na karatasi yenyewe ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa kwa jua la miaka. Mheshimiwa aliisimamia akaisoma, midomo inatikisika, sauti haitoki. Tulikwenda pale mara nne. Mara ya kwanza ofisa alikuwa na msiba. Ya pili alikuwa chai. Ya tatu sistimu ilikuwa imelala, na ofisa, sijui kwa nini, alikuwa ameenda kulala nayo. Ya nne alikuwa Naivasha kwenye warsha. Kila ofisa wa Kenya anayetafutwa yuko Naivasha; siku ziwa lile likifurika vizuri nchi itasimama. Nikamuuliza kijana wa atachi, mwanafunzi wa kujifunza kazi, aliyekuwa akilinda mlango, warsha ni ya nini?

"Ya mbinu za kuwafikia watoto waliofichwa," akasema.

Nikamwangalia Mheshimiwa. Alikuwa amesimama pale pale, kavaa sweta nyekundu na gambuti za manjano. Ungemwona kutoka Chaka.

Kijana alikuwa na nia njema, akataka asituache twende mikono mitupu. Akafungua daftari. "Mtoto anajibu akiitwa?" Nikasema mara nyingi hajibu. Akaandika kitu. "Basi ningependekeza shule ya viziwi. Kuna ile ya Tumutumu, ni nzuri sana."

"Ni nzuri, najua. Lakini huyu anasikia."

"Sasa mbona hajibu?"

"Anachagua."

Akafikiri sana. Akafuta.

Nina dada yangu mdogo aliye Uingereza, kazi yake ni kutunza wazee wa Kizungu, na binti yake wa miaka saba ana hali kama ya Mheshimiwa. Jumapili jioni hunipigia simu tushindane. Huko elimu maalum na huduma za jamii ziko chini ya halmashauri ya mji, na sheria inaipa halmashauri wiki 20 tangu uombe mpaka upewe mpango wa mtoto wako kwa maandishi. Mwaka 2023 ni nusu tu ya mipango hiyo iliyotoka kwa wakati. "Wiki ishirini na sita, kaka! Wiki ishirini na sita nangoja!" Nikamwambia wiki ishirini na sita mimi nilikuwa bado natafuta saiba yenye wino. Akasema wanampigia simu kumwambia hawajui. Nikasema unapigiwa? Akasema walimkatalia mara ya kwanza akaenda kwenye baraza la rufaa, na huko wazazi wanaofika mbele ya majaji karibu wote hushinda. Hapo ndipo aliponishinda kabisa, maana sikuelewa. Kama kila mara unashindwa, kwa nini usikubali mapema, ukapunguza nauli ya watu? Dada yangu akasema, kaka, wanatarajia tuchoke. Tukanyamaza wote wawili. Nikasikia kule kwake mvua, na huku kwangu mvua.

Kuna pesa pia. Usidhani nimesahau pesa, mimi ni mtu wa Nyeri. Katika mpango wa Inua Jamii kuna shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba yenye mtu mwenye ulemavu mkali. Elfu mbili siyo kitu cha kutemea mate; ni gesi, na ni unga, na nauli mbili tatu za kwenda kuuliza kwa nini haijaingia, kwa sababu huja ikichelewa, kama mgeni wa mjini, na ikija huja na miezi yake imekusanyana. Bibi mmoja jirani yetu, anayepokea ya wazee, aliitwa kuthibitisha kwamba yu hai. Akabebwa kwa bodaboda mpaka mjini, akaweka kidole kwenye mashine, mashine ikakataa. Vidole vyake vimekwisha kwa kuchuma kahawa miaka hamsini. Alirudi nyumbani akiwa hana uhakika.

Sisi tulipokwenda kuuliza habari ya Mheshimiwa, mhusika alimtazama akiwa ameketi kimya anahesabu vioo vya dirisha, akatuambia kwa upole: "Huyu si mkali."

Mama yangu, aliyekuwa amekuja kwa kofia yake ya kanisa, akainuka. "Si mkali? Mnyang'anye chapati uone."

Tuliomba msamaha tukaondoka.

Shule tulipata, hatimaye, na tuliipata bila ofisi. Mama wa nduma ndiye aliyesema kuna yuniti ya elimu maalum katika shule fulani ya msingi, dada wa mume wake hupeleka mtoto huko. Tukaenda. Mwalimu mkuu akasema nafasi hakuna. Mwalimu wa yuniti akatoka nje akasema nafasi ipo. Mwanamke mfupi, koti la mvua, filimbi shingoni. Ana watoto kumi na saba katika darasa moja, mkubwa ana ndevu, mdogo bado anakojoa, na kila mmoja na shida yake. Mtaala mpya unaruhusu watoto kama hawa wapande kwa hatua zao badala ya madarasa ya umri, kutoka hatua ya msingi mpaka ya ufundi, na yeye anazo hatua zote ndani ya chumba kilichokuwa stoo ya maharagwe. Akamwonyesha Mheshimiwa kabati la vifaa. Lilikuwa vurugu tupu. Akamwambia, "Nisaidie, nimeshindwa." Mheshimiwa hakutoka mle mpaka saa saba. Nilisimama dirishani nikifanya kama naangalia mvua.

Lakini mwalimu anahitaji ile barua ya kituo cha tathmini. Bila barua mtoto hayumo kwenye hesabu, na asiyekuwa kwenye hesabu hana pesa za serikali, na mwalimu mkuu naye ana wakaguzi wake. Isitoshe, Mei 2025 rais alitia sahihi sheria mpya ya watu wenye ulemavu kuchukua nafasi ya ile ya 2003. Niliisoma kwenye simu usiku kucha, asubuhi nikawa mtu mwingine. Nikaenda nayo kituoni. Kijana wa atachi akaniambia hiyo bado haijatufikia. Nairobi na Nyeri ni kilomita kama mia na hamsini. Kabichi za Karatina huteremka Nairobi usiku mmoja zikafika bado zina umande. Sheria ikipanda kuja huku, nadhani huja kwa miguu.

Basi Alhamisi iliyopita nikaamua kwenda peke yangu. Mheshimiwa alikuwa na mafua, nikamwacha na shosho wake. Nikafika, na mlango ukawa wazi. Ofisa yuko. Mtu wa makamo, miwani, amependeza, nyuma yake ukutani kuna cheti kipya cha Naivasha. Alinikaribisha kiti. Akafungua faili yangu ya kaki, akapitia kila karatasi, barua ya chifu, ripoti ya jopo, kadi, picha za pasipoti ambazo katika zote nne Mheshimiwa anatazama feni ya dari ya mpiga picha. Akasema faili ni safi, hajaona faili safi kama hii mwaka huu. Nikahisi machozi. Akachukua kalamu. Akatazama kiti cha pembeni yangu, kisha nyuma yangu, kisha chini ya meza.

"Na mtoto yuko wapi?"

Nikasema leo nimemwacha nyumbani, ana mafua.

Akavua miwani. Akanitazama kwa huzuni ya mtu aliyetoka kufundishwa siku tano juu ya watu kama mimi. "Mzazi," akasema, "mbona mnawaficha hawa watoto?"

Nilipiga simu nyumbani nikipiga kelele. Mama yangu akamfunga Mheshimiwa leso kichwani, wakapanda bodaboda wote wawili, wakafika wakiwa wamelowa baada ya dakika arobaini. Mlango ulikuwa umefungwa. Karatasi ilikuwa palepale. Tuliketi kwenye benchi mpaka saa kumi na moja, Mheshimiwa akaisoma, akaisoma tena, sasa kwa kunong'ona.

Usiku huo mke wangu alipakua githeri akaita watu mezani. Mheshimiwa hakuja. Tukatafuta chumbani, hayupo, tukatafuta jikoni, hayupo. Shosho wake ndiye aliyeona gambuti za manjano zimetokeza chini ya kitanda, zimepangwa sambamba. Mke wangu akainama akamwita aje ale. Kukawa kimya. Kisha kutoka gizani ikatoka sauti nzito ya mtu wa ofisi, tulivu, isiyo na haraka:

"Nimetoka kidogo."